Sayyid Barghash, manowari ya kuigiza na ramani ya Mwambao

Siku hizi vijana kadhaa wa hapa Takaungu wameingiwa na mapenzi mapya. Wanatoa ramani za manowari za zamani kwenye intaneti, wanazichapisha kwenye karatasi, kisha wanakata plaiwudi na vijiti na kuunda vyombo vidogo vya urefu wa mkono. Kila kitu hukiweka kwa kipimo, mlingoti, mizinga, nanga mpaka ngazi ya kupandia. Wazee wengine wanawatazama kutoka barazani na kusema huo ni ule mchezo wetu wa zamani wa kuelekeza karara la mnazi majini, ila sasa umeongezewa gundi. Wengine wanaona ni kupoteza wakati, na kwamba kijana mwenye mikono mizuri kama hiyo angekwenda baharini au kwenye mjengo, akaleta kitu nyumbani.

Nimewasikiliza wote, na jawabu yangu nimeona niitoe kwa kueleza maisha ya mtu mkubwa aliyekufa zamani. Mtu huyo ni Sayyid Barghash bin Said, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyetawala Unguja na Mwambao wetu huu kuanzia 1870 mpaka 1888. Wengi tunamjua kwa Beit al-Ajaib na kwa maji ya mfereji aliyowaletea watu wa mjini Unguja. Wachache wanajua kwamba alikuwa na manowari iliyoundwa kwa kuigiza manowari ya Kiingereza. Ilipewa jina lile lile na umbo la kufanana, lakini ikawa ndogo kuliko ile ya asili. Ukiifuata meli hiyo utayaona maisha ya Barghash yote, na utaona kwamba sisi wa Takaungu tumo ndani yake mwanzo na mwisho.

Barghash alizaliwa Unguja mnamo 1837. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mama yake ni suria wa Kihabeshi. Mwaka huo huo ndio baba yake alipoumaliza utawala wa Mazrui Mombasa. Viongozi walikamatwa wakapelekwa uhamishoni Bandar Abbas, na waliosalia wakatawanyika. Wako waliokwenda kusini wakakaa Gasi, na wako waliokuja kaskazini wakakaa hapa Takaungu. Kwa hiyo mji wetu, kama mji wa Mazrui, una umri sawa na Barghash. Alichokipata baba yake mwaka ule ndicho walichokipoteza wazee walioujenga mji huu.

Kilichompa Sayyid Said nguvu ya kuiandama Mombasa miaka ile yote kilikuwa ni manowari zake. Mwaka 1828 alikuja na kundi la vyombo, na kubwa lao lilikuwa Liverpool, merikebu ya mizinga 74. Merikebu hiyo iliundwa Bombay mwaka 1826 kwa mbao za msaji na mafundi wa Kihindi wa jamii ya Parsi, watu waliokuwa wakiwaundia hata Waingereza wenyewe. Mwaka 1836 Sayyid Said alimpa mfalme wa Uingereza, William wa Nne, merikebu hiyo iwe zawadi, na Waingereza wakaibadilisha jina wakaiita Imaum. Hebu fikiri, Mwarabu wa Unguja anampa mfalme wa Uingereza manowari ya mizinga 74. Mwaka 1840 chombo chake kingine, Sultana, kilifika New York kikiwa na shehena ya bidhaa za pande zetu. Barghash alikulia katika bandari iliyojaa vyombo kama hivyo, na mtoto aliyekulia hivyo huona kwamba mfalme bila manowari si mfalme.

Na baharini ndiko alikoanza kuonekana. Mwezi wa Oktoba 1856 Sayyid Said alikuwa akirudi Unguja kutoka Oman katika merikebu Victoria. Akafia njiani, karibu na visiwa vya Seychelles. Barghash, kijana wa miaka 19 hivi, alikuwa naye chomboni. Mwili wa baba yake hakuutosa baharini. Aliuleta mpaka Unguja, akaushusha usiku kwa siri, akauzika, na usiku ule ule akajaribu kuushika mji kabla ndugu yake Majid hajapata habari. Hakufanikiwa. Majid akawa Sultani.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, alijaribu tena, mara hii akiungwa mkono na Waarabu wa kabila la Harthi. Dada zake wawili, Khole na Salme, walikuwa upande wake. Salme ndiye aliyemwandikia barua zake za siri, na nyumba ya Barghash ilipozingirwa na askari, dada hao walimtoa akiwa amejifunika nguo za kike. Alikwenda kujifungia katika shamba la Marseille, nje ya mji. Majid aliwaita Waingereza, mabaharia wao wakashuka na mizinga, na mambo yakaisha. Barghash alijisalimisha akapelekwa Bombay, akakaa uhamishoni yapata miaka miwili.

Bombay ya wakati ule ilikuwa na reli, magudi ya meli, viwanda na mitambo ya kupiga chapa. Ukitazama mambo aliyokuja kuyafanya baadaye utaona kwamba kijana yule hakukaa akilia tu kule, bali alitumia macho yake. Aliporudi Unguja alinyamaza kimya mpaka Majid alipofariki Oktoba 1870. Hapo Barghash akakalia kiti akiwa na miaka 33.

Hakupata hata miaka miwili ya raha. Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliyosimuliwa kwa miaka mingi iliipiga Unguja. Mikarafuu iling'olewa mashamba kwa mashamba, nyumba zikaanguka, na vyombo vilivyokuwa bandarini vikasukumwa ufuoni au vikazama. Manowari za Sultani, urithi kutoka kwa baba yake, zilikwisha kwa siku moja.

Mwaka uliofuata Waingereza walimjia na jambo jingine. Walimtaka apige marufuku biashara ya watumwa baharini na afunge masoko yake. Kwanza alimkataa mjumbe wao, Bartle Frere. Lakini balozi John Kirk alimwambia kwamba akikataa, kisiwa kitazingirwa na manowari, na yeye hakuwa nazo za kujibu. Tarehe 5 Juni 1873 alitia saini.

Hapa lazima tuseme kweli, maana mwandishi akificha jambo hili huwa amekosa haki. Mapatano yale yaliletwa kwa vitisho, lakini biashara yenyewe ilikuwa dhuluma. Karafuu za Unguja zililimwa na watumwa, na nafaka iliyoipa Takaungu na Malindi utajiri wakati ule ililimwa na watumwa pia. Wajukuu wao na wajukuu wa mabwana wao leo wanasali safu moja katika misikiti yetu. Barghash akatoa amri nyingine mwaka 1876 ya kuzuia misafara ya watumwa ya nchi kavu, na watu wengi wa Mwambao walimchukia kwa hilo. Kwangu mimi, hilo ni katika mambo yake mema, hata kama mkono wake ulisukumwa.

Sasa tuje kwenye meli. Katika mwaka ule wa 1873 ilitia nanga Unguja manowari ya Kiingereza iitwayo Glasgow. Ilikuwa merikebu ya mbao ya milingoti mitatu, yenye matanga na mtambo wa moshi pamoja, iliyoshuliwa Portsmouth mwaka 1861, na ndiyo iliyombeba mkuu wa kikosi chao cha bahari hii. Barghash alipanda akaitembelea, ikamkaa moyoni. Manowari za kikosi hicho hicho ndizo zilizokuwa zikimbana juu ya mapatano, naye katika zote hizo akaipenda kubwa lao. Mtu ambaye vyombo vyake vyote vimezama mwaka mmoja nyuma hana lawama akitamani chombo kama kile.

Mwaka 1875 alikwenda Uingereza mwenyewe, akapokewa na Malkia Victoria, akatembezwa viwandani. Baadaye kazi ya kumuundia meli ilipewa karakhana ya William Denny na nduguze, katika mji wa Dumbarton, kando ya mto Clyde, karibu na mji wa Glasgow wenyewe. Amri ilikuwa iundwe kwa mfano wa ile manowari aliyoiona.

Ni vizuri nieleze kidogo kazi hiyo inavyofanywa, kwa sababu ndiyo kazi ile ile wanayoifanya vijana wetu kwa plaiwudi. Fundi wetu wa jahazi huanza na mkuku. Hulaza mkuku, husimamisha fashini za mbele na nyuma, na umbo lililobaki liko katika jicho lake na katika kamba anayoivuta. Hana karatasi. Fundi wa Dumbarton huanza na karatasi. Huchorwa meli inavyoonekana kwa ubavu, kisha inavyoonekana kwa juu, kisha ikatwe kama mkate, kila kipande kichorwe upana wake na mviringo wake. Vipande hivyo ndivyo vinavyokuwa mataruma. Mwenye ramani hizo tatu na rula anaweza kuiunda meli ile ile kubwa au ndogo, kwa kuwa yote ni hesabu ya kipimo. Ukichagua kipimo cha 1 kwa 100, meli ya mita 60 inakuwa sentimita 60, na baharia wa kimo cha sentimita 170 anakuwa wa kimo cha sentimita 1.7. Ukikosea hesabu kwa taruma moja, mbao za ubavuni hazitakaa, na utaliona kosa lako kabla hujampa mtu akuoneshe.

Meli ya Sultani iliundwa kwa mifupa ya chuma na mbao za msaji juu yake. Iligharimu zaidi ya pauni 30,000, fedha nyingi sana kwa wakati ule, na ilikuwa na mizinga 7 midogo na bunduki ya Gatling, ile ya midomo mingi. Ilifika Unguja mwaka 1878 ikaitwa Glasgow. Waundaji walitia ndani mapambo na anasa wakitumai Sultani atapendezwa aagize nyingine. Hakuagiza. Hakuridhika nayo. Manowari aliyoipanda mwaka 1873 ilikuwa kubwa, yenye safu za mizinga, na hii aliyoletewa ilikuwa na sura yake tu. Sehemu kubwa ya maisha yake meli hiyo ilikaa nangani mbele ya kasri, ikapendezesha bandari.

Nisionekane namcheka marehemu. Katika mambo mengine alijua kuchukua elimu ya wageni akaitia kazini. Alivuta maji safi kutoka chemchemi za upande wa Bububu mpaka mjini, watu waliokuwa wakinywa maji ya visima vibovu na kufa kwa kipindupindu wakapumua. Alinunua meli za moshi za biashara zilizokwenda Bombay na kurudi, mchele na nguo zikafika kwa wepesi. Aliweka mtambo wa kupiga chapa, ukachapa vitabu vya dini vya Kiarabu, kikiwemo kitabu kikubwa cha fikihi ya Kiibadhi, Qamus al-Sharia. Mwaka 1883 ilisimama Beit al-Ajaib, na nguzo zake za chuma. Mwaka 1877 alimpa Mwingereza kijana, Lloyd Mathews, kazi ya kumfunza askari kwa mtindo wa kisasa. Haya yote yanaonyesha mtu mwenye haraka ya kwenda na wakati.

Upungufu wake ulikuwa mmoja, nao ulimgharimu. Alinunua vitu vilivyokwisha kuundwa, na elimu ya kuviunda ikabaki kule kule. Unguja na Mwambao vilikuwa na mafundi wa vyombo hodari, lakini hakuacha gudi wala karakhana ambako mafundi hao wangejifunza kuchora na kuunda meli za moshi. Wenzetu wa Dumbarton walikuwa wakifanya kinyume. Miaka mitano tu baada ya meli ya Barghash kushuliwa, mwaka 1883, karakhana ile ile ya Denny ilimaliza kujenga tangi la maji lenye urefu wa yapata mita 100, ndani ya nyumba. Kazi ya tangi hilo ilikuwa moja, kuburuta meli ndogo zilizochongwa kwa nta, kwa kipimo kamili, na kupima jinsi maji yanavyozishika. Kabla ya kuunda meli kubwa na kupoteza maelfu ya pauni, walikwisha kujua itakwenda mbio kiasi gani na itahitaji mtambo wa nguvu gani. Walikuwa karakhana ya kwanza ya biashara duniani kuwa na tangi la namna hiyo. Tangi hilo lipo mpaka leo, limekuwa makumbusho. Kwa hiyo wanaosema meli ndogo ni mchezo wa watoto wajue kwamba watu wazima wa Scotland walizijengea nyumba nzima, na zikawalisha.

Sasa lugha yetu ina jambo la kutufunza. Mchoro wa meli tunauita ramani, na mchoro wa nchi tunauita ramani vilevile. Barghash aliyapata yote mawili kwa mikono ya wengine.

Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alipita bara akikusanya mikataba kwa wenyeji wasiojua walichokitilia alama. Barghash alipopinga, Agosti 1885 lilikuja kundi la manowari za Kijerumani likatia nanga mbele ya kasri na midomo ya mizinga ikaelekea Beit al-Ajaib. Katika msafara huo alikuwemo dada yake Salme, yule yule aliyemwandikia barua mwaka 1859, sasa akiwa mjane wa Mjerumani anayedai mirathi yake. Barghash hakutaka kumwona. Meli yake Glasgow ilikuwa hapo hapo bandarini, na mizinga yake 7 haikuwa na la kusema. Akakubali.

Baadaye iliundwa tume ya kupima mipaka ya nchi ya Sultani. Ndani yake walikuwemo Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa. Mwenye nchi hakuwa na kiti. Mwaka 1886 London na Berlin zilikubaliana kwamba bara Sultani ana ukanda wa pwani wa maili 10 tu, kutoka mto Minengani kusini mpaka Kipini kaskazini, na miji michache ya juu. Takaungu ikawa ndani ya ukanda huo, na mashamba ya nyuma yetu yakakatwa kwa mstari uliochorwa na mtu ambaye hajawahi kulala Sokoke. Mwaka 1887 Barghash aliikodisha sehemu ya kaskazini ya ukanda, yaani hii yetu, kwa kampuni ya Waingereza.

Ugonjwa ulikuwa umekwisha kumshika. Alikwenda Oman kutafuta afya katika chemchemi za maji moto, akarudi Unguja akiwa hoi, na punde baada ya kufika, Machi 1888, akafariki. Alikuwa na miaka 51 hivi. Aliacha mji mzuri, deni la huzuni, na manowari moja nangani.

Meli hiyo iliishi kuliko yeye, na mwisho wake tena unapita hapa kwetu. Mwaka 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkubwa wa Mazrui wa Takaungu, na Waingereza wakamtambua mwanawe Rashid badala ya Mbaruk bin Rashid aliyeona haki ni yake. Ugomvi wa urithi wa mji huu mdogo ukawa vita vya Mwambao mzima, na Mbaruk wa Gasi akaingia. Agosti mwaka huo Admirali Rawson aliteremsha mabaharia wake, wakiwemo wa manowari St George, wakaenda kuivunja ngome ya Mwele.

Mwaka mmoja baadaye Rawson huyo huyo na St George hiyo hiyo walikuwa Unguja. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia kasri na kujitangaza bila idhini ya Waingereza. Alipewa muda atoke, hakutoka. Tarehe 27, saa tatu na dakika mbili asubuhi, mizinga ikaanza. Glasgow, meli ya baba yake, iliyokuwa imekaa nangani miaka 18, ilijibu kwa vimizinga vyake dhidi ya manowari za chuma za Rawson. Ilizamishwa, na mabaharia wake wakaopolewa na mashua za Waingereza. Yote yalikwisha kwa yapata dakika 40, na watu wapatao 500 upande wa kasri walikufa au kujeruhiwa. Bandari ile haina kina kikubwa, kwa hiyo milingoti mitatu ya Glasgow ilibaki imesimama juu ya maji kwa miaka, kila mgeni akiipiga picha, mpaka mwaka 1912 mabaki yake yalipovunjwa yakaondolewa. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, akaja kukamatwa na Waingereza mwaka 1916, akahamishwa mbali, na akafia Mombasa mwaka 1927.

Kwa hiyo vijana wetu wanafanya nini wanapounda manowari kwa ramani? Wanafanya lile ambalo Sayyid Barghash, kwa mali yake yote, hakulifanya. Yeye alipata nakala, elimu ikabaki kwa aliyeiunda. Kijana wa Takaungu anayekaa wiki tatu na karatasi, msasa na gundi akilinganisha taruma na taruma, hata chombo chake kikivunjika kesho, elimu imebaki kichwani mwake. Nakala ya kuonyesha watu na nakala ya kujifunzia hufanana zikiwa juu ya meza, ila moja humwacha mwenyewe kama alivyokuwa.

Na ushahidi uko karibu nasi. Mtepe, chombo cha mababu zetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, ulikwisha kabisa katika karne iliyopita. Waliotaka kuurudisha walitegemea sana mitepe midogo ya mfano iliyohifadhiwa katika makumbusho, iliyoundwa na mafundi walioujua mtepe wenyewe. Kwa msaada wa mifano hiyo uliundwa tena mtepe mkubwa, ukawekwa katika ukumbi wa Beit al-Ajaib, nyumba ya Barghash mwenyewe. Chombo kizima cha taifa letu la pwani kilipona kwa sababu mtu fulani zamani alikuwa na subira ya kuunda kidogo chake. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka ikaua watu, na jumba lile la chuma na mawe likatukumbusha kwamba hata vikubwa vinahitaji mtu anayejua vilivyojengwa.

Ninalo ombi kwa vijana hao, na ni moja tu. Mkimaliza manowari za Waingereza na Wajerumani, geukeni nyumbani. Mashua, ngalawa na majahazi ya Mwambao huu mengi hayana ramani. Yako katika macho ya mafundi wazee, na wazee hawakai milele. Nendeni na tepu ya kupimia na daftari, muombeni fundi idhini kwa adabu, mpime mkuku, mpime kila taruma, mchore ubavu, juu na vipande. Kisha undeni kidogo chake mkilete kwake akitazame. Akisema hapa mmekosea, mtakuwa mmepata somo ambalo halimo kwenye intaneti.

Ombi jingine ni kwa wazazi na walimu wa vyuo vya ufundi vya Kilifi. Anayejua kusoma ramani ya meli hapati shida kusoma ramani ya nyumba, wala ya shamba. Katika ukanda huu wa maili 10 kuna familia ngapi ambazo mpimaji amekuja, akatandaza karatasi yake juu ya kitanda cha kamba, baba akaitazama asielewe mstari wa mpaka wake umepita wapi, akatia dole gumba? Barghash alikuwa na kasri, askari na manowari, na bado alichorewa nchi yake na watu wengine kwa kuwa hakuwa na nafasi mezani. Sisi hatuna manowari, lakini tunaweza kuhakikisha kwamba karatasi ikitandazwa Takaungu, atakuwepo mtoto wa nyumba ile wa kuinama, kuisoma kwa kipimo chake, na kumwambia baba yake, mbele ya mpimaji, mnazi wa babu umewekwa upande gani wa mstari.